Nyuma ya Picha ya Ngoma

Tumezoea kuhakiki mashairi, hadithi fupi na riwaya. Leo, waandishi wenzangu, hebu tuhakiki picha: picha za ngoma zetu, zile zilizohifadhiwa Ulaya na zile zilizomo masandukuni mwa wazee hapa Mlabani.

Nianze na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyezunguka nchi hii na kamera kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo. Picha zake ziko katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na tangu 2008 nyingi zinaonekana kwenye intaneti. Ni picha safi, huwezi kubisha. Lakini soma maelezo yake: mara nyingi ni jina la koloni, kisha neno moja mawili, basi. Anayecheza ni nani? Anaimba nini? Ni harusi, ni matanga, au ameamriwa kumchezea bwana mkubwa? Kimya.

Upungufu mwingine ni wa chombo chenyewe. Kamera ya siku hizo ilitaka jua, na ilitaka mtu atulie. Sasa ngoma gani ya kwetu inatulia? Na ngoma ngapi tamu huchezwa mchana? Zile za mbalamwezi, na zile za ndani za kuwacheza wari, hazikupata nafasi. Anayeandika historia ya ngoma kwa picha peke yake ataishia kuandika historia ya sikukuu na mapokezi ya wageni.

Chukua beni, iliyoanza katika miji ya pwani miaka ya 1890 ikasambaa hadi bara. Ukitazama picha unaona sare, vyeo na tarumbeta, unasema, eti hawa wanaiga wazungu tu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya beni, hakuishia kwenye mavazi. Alifuata kumbukumbu za watu na maandishi ya wakoloni, ndipo ushindani wa Marini na Arinoti ukapata maana: nani alijiona mwungwana, nani alidharauliwa, nani alimsaidia mwenzake wakati wa shida. Hayo picha haisemi.

Kule Bujora, Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada alishirikiana na Wasukuma kuanzisha makumbusho miaka ya 1950. Nguvu ya pale ni kwamba vifaa vya ngoma vinakaa karibu na wachezaji, na ushindani wa Bagika na Bagalu unaendelea uwanjani. Ukiona ngoma ukutani, yupo wa kukuonyesha inavyopigwa.

Huku Kilombero je? Mwaka 1935 A.T. na G.M. Culwick walichapisha London kitabu cha Kiingereza juu ya Wabena wa bonde hili, na sura moja iliandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Si haba. Jina la mtawala limebaki. La mpiga ngoma wa sangula litabaki wapi?

Wengine watasema siku hizi kuna video za simu. Sawa, sauti ipo. Lakini simu ikiharibika kila kitu kimekwenda, na hata video haimtaji anayecheza usipomtaja wewe.

Kwa hiyo kazi hii ni yetu sisi tunaojiita waandishi. Mwombe bibi afungue sanduku. Muulize: huyu nani, wimbo gani, nani alitunga, mwaka gani, kwa nini mlicheza siku ile? Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, maana wino hupenya na kuharibu sura za watu. Yasiyoenea, yaandike daftarini, na picha mrudishie mwenyewe. Mistari mitano ya namna hiyo ni maandishi kamili, na haingoji mchapishaji. Inachongoja ni bibi awe hai bado, na hilo haliko mikononi mwetu.