Tangi B Limenyamaza

Katika mashamba ya waridi yanayolizunguka Ziwa Naivasha, mbolea huufikia mmea ikiwa ndani ya maji. Chumba cha kuchanganyia kwa kawaida kina matangi matatu: A lina nitrati ya kalisi na chuma, B lina salfeti ya magnesi na fosfeti, na la tatu lina asidi, kwa kuwa maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana bikaboneti nyingi. A na B hayachanganywi yakiwa makali. Yakikutana, kalisi hushikana na salfeti ikawa jasi, na unga wake huziba matundu ya mipira ya matone.

Kompyuta hufungua vali, kila tangi likanyonywa kwa zamu yake, na kipimo cha EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, hueleza jumla ya chumvi iliyomo majini. Jumla tu, basi. Hakijui ni chumvi gani. Chujio la B likiziba, mashine inayofuata EC peke yake itazidi kunyonya A mpaka namba itimie. Skrini itaonyesha kila kitu ki sawa. Siku nyingi baadaye majani ya chini yataanza kugeuka manjano katikati ya mishipa, dalili ya kukosa magnesi, na watu watalaumu udongo.

Ndiyo maana namvulia kofia fundi asiyeridhika na namba iliyotimia. Huanza na boya dogo ndani ya bomba angavu la kila tangi: linapaswa kupanda na kutikisika kidogo. Boya lililotulia tuli limekwama kwa uchafu, nalo husema uongo vizuri sana. Mita yenye panga inayohesabu mipigo haidanganyiki hivyo, ila hewa ikipenya huizungusha pia. Kwa hiyo fundi hukagua ni kiasi gani kimepungua tangini. Shahidi huyo hana waya wala betri.

Ugumu zaidi uko kwenye kengele. Vali ikiwa wazi na mipigo haiji, ingoje muda gani kabla ya kulia? Ukiwa mfupi, italia kila bomba linapojaa, na haitachukua muda kabla mtu hajaizima. Ukiwa mrefu, mchanganyiko umekwisha kuharibika. Naivasha nayo iko mita 1,880 hivi juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano, na ni kanieneo hiyo inayosukuma maji kuingia kwenye bomba la kunyonya. Chujio lililoziba nusu ambalo lingevumilika Mombasa laweza kukata mtiririko huku. Muda ulioandikwa kwenye kijitabu cha mashine ni mahali pa kuanzia tu.

Fundi makini hupima hata kengele yenyewe. Kabla ya umwagiliaji wa kwanza hufunga B kwa makusudi, akasimama na saa mkononi. Isipolia, hakuna kinachomwagiliwa hadi ijulikane kwa nini, hata msimamizi akikunja uso.