Jaji Warioba: Bunge, Bahari na Mahakama

Wakazi wa kata ya Sokon I, Arusha, wanaishi jiji moja na Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo majaji wake wa kwanza waliapishwa mwaka 2001. Mmoja wao alikuwa Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda, mkoani Mara.

Wakati huo alikuwa ameshashika nyadhifa kadhaa za juu nchini Tanzania: Mwanasheria Mkuu tangu 1976, Waziri wa Sheria mwaka 1983, kisha Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Mwaka 1996 aliingia Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg.

Bungeni aliiwakilisha Bunda. Uchaguzi wa 1995 ulipomwendea kombo hakuita maandamano. Alifungua kesi, na matokeo yakatenguliwa. Muda mfupi baada ya uchaguzi huo aliongoza tume iliyochunguza kero ya rushwa, na ripoti yake bado inajulikana kwa jina lake.

Machi 2014, Dodoma, akiwa mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, alitakiwa kuwasilisha Rasimu ya Katiba kwa Bunge Maalum la Katiba. Zogo la wajumbe likakatisha kikao. Kesho yake alirudi, akasimama mbele ya Bunge Maalum na kueleza hoja kwa hoja kwa nini Tume yake ilipendekeza Muungano wenye serikali tatu.

Pendekezo hilo lilikataliwa, lakini hakulikana. Anastahili pongezi kwa hilo, na vijana wanaosomea sheria Arusha waisome rasimu ile yote kabla ya kuihukumu.