Ukimya si Nidhamu

Hatuna budi kuuliza: je, darasa la lugha lililo kimya ndilo lenye nidhamu? Watoto wengi wa vijiji vya Mlima Meru hufika shuleni na Kimeru au Kimaasai kinywani. Hapo hukuta Kiswahili, kilichofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Kisha sekondari huwangoja Kiingereza. Mwalimu amchapaye mtoto kwa kuteleza ulimi katika safari hiyo hupata utulivu, akadhani ameshinda. Kumbe ameua somo lake mwenyewe, maana lugha haijengeki ila kwa kusemwa.

Mila za Waarusha zatufunza vingine. Katika mikutano ya rika, chini ya malaigwanani, watu hawakufungwa vinywa. Mmoja alisema, wengine wakasikiliza, wakangoja zamu. Huo ndio utaratibu tuutakao darasani: maswali, majibizano, kazi za vikundi, na kosa kusahihishwa pasipo dhihaka. Fimbo yaweza kumfundisha mtoto kunyamaza. Kusema haiwezi kumfundisha.