Nakshi Isiyoguswa na Mkono

Siku hizi mlango wa fahari unaingia Kabambare, mji wetu wa Maniema huku Kongo, ukiwa umefungwa kwa plastiki, umelazwa ubavuni mwa pikipiki, umeshavuka ziwa hadi Baraka, ukapanda Fizi, ukala matope ya barabara ya Salamabila. Hauji mzima. Kinachokuja ni bamba la MDF, nyuzi za mbao laini kama vumbi zilizogandishwa kwa gundi, limetobolewa maua ya waridi na mizabibu kwa mashine ya leza. Huku linapigiliwa juu ya mbao za kawaida na kupakwa rangi ya dhahabu. Mwenye nyumba husimama kibarazani akipokea pongezi. Jirani naye anaagiza lake, na likifika ni waridi zilezile, na lile jani la chini upande wa kushoto, ambalo mchoraji wa huko mbali alisahau kulichongoa ncha, ni butu vilevile. Nimeliona jani hilo butu Kabambare, nikaliona Kasongo, na nilipopita Kigoma nikalikuta limenitangulia kwenye mlango wa gesti.

Nyuma ya soko letu yupo seremala ambaye watu wa rika langu tulimkuta akiwa tayari mzee. Bado anachonga nakshi, ingawa kazi inayomlisha sasa ni madawati na majeneza. Kabla patasi haijagusa ubao hufanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya kwa subira ile. Hulowesha kitambaa, akaupangusa ubao wa mvule kutoka mwisho huu hadi ule, kisha akaketi kungoja ukauke. Maji yakizama, mistari ya mti hujitokeza. Hapo ndipo anapojua fundo limejificha wapi, mti uliegemea upande gani ulipokuwa hai, wapi patasi itateleza yenyewe na wapi itagoma. Anaifuata mistari hiyo kwa kidole gumba, macho ameyapeleka kwingine, kwa kuku, kwa mpita njia, kwa mjukuu anayelia. Niliwahi kumuuliza kwa nini haangalii anachokishika.

“Mbao iko na njia yake, mwanangu,” akanijibu. “Macho yanaona ya juu tu.”

Ndipo huchora kwa kipande cha mkaa. Ua likiangukia penye fundo, ua linasogezwa, au fundo lenyewe linafanywa kitovu cha ua na petali zinapangwa kulizunguka. Mnyororo wa nakshi unaopanda kwenye mwimo wa mlango ukikutana na mahali mti ulipojipinda, nao unapinda kidogo, kiasi kwamba mgeni hatambui ila mkono ukipita juu yake unatambua. Patasi huishika kwa kushoto, gumba likiwa limekaa karibu kabisa na makali, na nyundo ya mti inagonga pigo jepesi kwa pigo jepesi. Gumba lile ndilo breki. Limejaa makovu, ukucha wake haukuwahi kuota sawa tangu nimfahamu. Makapi yanaruka yakiwa yamejikunja, na ukiyaokota unaona yana unene mmoja, ya asubuhi na ya jioni. Mwisho hupiga msasa, na msasa wake si karatasi ya dukani. Ni majani makavu ya mti wenyewe wa msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Karatasi, anasema, inakula nakshi. Jani linajua pa kuishia. Sijui kama jani linajua chochote, lakini nimeuona mlango aliousugua kwa majani na mlango ambao kijana wake aliusugua kwa karatasi, na sikuhitaji kuambiwa upi ni wa nani.

Kazi hii haikuota hapa peke yake. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja wa pembe na watumwa, alipofanya Kasongo kuwa makao yake miaka ya 1870, misafara iliyorudi kutoka pwani haikubeba shanga na bunduki tu, ilibeba na ladha ya Unguja. Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la kamanda Mbelgiji Dhanis Kasongo ilipotekwa tarehe 22 Aprili 1893, aliandika kwa mshangao juu ya mji ule: vitanda vya nakshi na magodoro ya hariri ambayo hata askari wa kawaida waliyalalia, chumba chake kirefu chenye mlango wa kutokea kwenye bustani ya michungwa. Najua mali ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye pembe na kwenye migongo ya watu, na baadhi ya watu hao walikuwa babu zetu. Siwezi kukisifu kitanda kana kwamba kilijichonga chenyewe. Ila fundi aliyekichonga naye alikuwa na mikono yake, na mikono hiyo ilifundisha mingine, na wenye vitanda walipokimbia ufundi ulibaki.

Ulibaki ukabadilika, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Samaki, mnyororo na yungiyungi vinavyopamba milango ya Mji Mkongwe vilikuta huku watu ambao walikuwa wakichonga zamani. Walega wa Pangi, majirani zetu wa kaskazini, walikuwa na vinyago vyao vya bwami, jumuiya yao ya madaraja, vidogo vya kutosha kiganjani, vilivyopitishwa kutoka kwa mwenye daraja mmoja hadi mrithi wake, vikipakwa mafuta na kusuguliwa hadi pua na midomo ikalainika. Wabelgiji waliipiga marufuku bwami mwaka 1948. Vingi vya vinyago vile leo viko katika kabati za vioo Ulaya, ambako hakuna anayeruhusiwa kuvishika, na kushikwa ndiko kulikovifanya viwe vile.

Na kusini kwetu, ukiifuata Lualaba, kuna kijiji cha Buli. Miaka ya 1930 Mbelgiji Frans Olbrechts alilinganisha sanamu na viti vya enzi vilivyokuwa vimetawanyika katika makumbusho mbalimbali: nyuso ndefu, mashavu yaliyobonyea, kope nzito, huzuni ya mtu mzima. Akasema vimetoka mkono mmoja. Jina la mchongaji hakulijua, basi akamwita kwa jina la kijiji. Baadaye lilitajwa jina la Ngongo ya Chintu, na wapo wanaobisha kwamba mikono ilikuwa miwili, mwalimu na mwanafunzi. Wabishane. Mimi kinachonishangaza ni kwamba ubishi huo unawezekana hata kidogo, kwamba mtu asiyeandika jina lake popote, kwenye nchi ambayo hakuna aliyeweka daftari la mafundi, anaweza kutambuliwa kwa jinsi alivyoliacha shavu.

Jaribu kumtambua hivyo aliyechonga waridi za MDF.

Nisieleweke vibaya, mashine yenyewe si adui. Leza ni mwanga uliotiwa adabu. Einstein aliandika msingi wake 1917; tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman aliuwasha kwa mara ya kwanza kwa fimbo ya yakuti kule California; 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, akatengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo mpaka leo ndiyo inayokata mbao, ngozi, kitambaa na akriliki; 1967 Waingereza wakakatia chuma kwa kuisaidia na oksijeni. Na sisi wa Kabambare tuna deni kwa mwanga. Livingstone alikaa hapa, Bambarre kwa mwandiko wake, miezi mingi ya 1870 na mwanzo wa 1871, miguu imejaa vidonda. Karatasi zilipomwishia aliandika kwenye vipande alivyookoteza, kwa wino wa maji ya mimea. Wino ukafifia hadi baadhi ya kurasa zikawa hazisomeki. Karne hii wataalamu walizipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, na maneno yaliyoandikwa katika mji wetu yakarudi.

Leza ya kukata niliiona Kariakoo, Dar es Salaam, katika chumba cha ghorofa ya pili ambacho feni haikutosha kuuondoa moshi. Ni sanduku la bati lenye kifuniko cha kioo, na ndani yake kichwa kidogo kinakimbia kwenye reli. Mwanga wenyewe huuoni. Unachokiona ni cheche inayotembea na uzi wa moshi, na pampu inapuliza hewa ili ubao usishike moto. Kijana mwenye mashine alikuwa mtu wa kazi hasa. Asubuhi ile alikata mihuri ya mpira ya ofisi (huku Kongo, bila kashe, karatasi haitembei, hivyo nilimheshimu mara moja), kadi za harusi zenye matundu madogo madogo yaliyoacha mwanga upite, ngao za akriliki za mashindano ya shule, aya ya Qur'ani ya kutundika sebuleni, na kanda za ngozi za makubadhi ambazo mshonaji alizingoja mlangoni. Alivipanga vipande kwenye ngozi kwa namna ambayo mabaki yalijaa kiganja tu. Mteja mmoja alileta kipande cha plastiki ya PVC, kijana akakataa katakata: ikiungua inatoa gesi yenye klorini, inaua mapafu kwanza kisha mashine. Wakati wa korona, 2020, karakana za namna hii mahali pengi duniani zilikata ngao za uso za wauguzi zilipokuwa hazipatikani kwa bei yoyote. Mtu anayedharau kazi hiyo hajawahi kungoja kitu cha haraka.

Nilimuuliza michoro anaipata wapi. Akanionyesha kwenye kompyuta folda iliyojaa maelfu ya faili zilizonunuliwa kwa jumla, nyingi bila jina la aliyechora. Mteja huonyeshwa picha kwenye simu, anachagua kwa kidole, na baada ya muda mfupi anaondoka na ua lake. Nikaitafuta nakshi ya pwani humo, si mbali na bahari. Ilikuwepo moja, imeitwa “ya Kiarabu”, na mnyororo wake ulikuwa umechorwa na mtu ambaye hakuwahi kuona mlango wa Unguja: pete zimeachana, kila moja imeelea peke yake.

Hapo ndipo ninapolalamikia wakati wetu. Zamani mchoro ukisafiri kutoka Unguja hadi Kasongo ulipita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono uliutia kitu au kuukosea jambo, na kosa la mmoja likawa mtindo wa mwanafunzi wake. Sasa mchoro unavuka bahari na ziwa bila kubadilika hata ncha ya jani. Mashine inatii. Tulioacha kuchora ni sisi. Pesa za dhahabu ya machimbo ya Namoya zinapoingia mfukoni zinataka kugeuka nyumba kabla hazijaisha, na nyumba inataka mlango leo, wala hakuna mwenye dhahabu aliye tayari kungoja ubao ukauke. Mzee wa nyuma ya soko anaulizwa bei, anataja, wanacheka, wanaagiza bamba. Kisha MDF inakutana na masika ya Maniema. Nimeyaona mabamba hayo yakiwa na mwaka mmoja, yamevimba chini yakafura, rangi ya dhahabu imebanduka, na waridi zimefumuka zikarudi vumbi la mbao. Mwenye mlango anaagiza jingine.

Ungeweza kusema, basi leta leza hapa, uitie ubao wa mvule badala ya vumbi. Nimelifikiria. Mashine ya wati 60 za mwanga inadai umeme mara kadhaa zaidi ya huo, na maji ya kuipoza yasiyosimama, na Kabambare tunaishi kwa sola na jenereta. Isitoshe, mwanga haujui kupinda. Ukiupa mchoro ulionyooka utapita juu ya fundo kana kwamba halipo, pale ubao ulipo mgumu utakata nusu, na pale ulipo laini utachoma hadi upande wa pili. Inambidi mtu kwanza aujue ubao, na kuujua ubao ndiko tusikokujifunza.

Mzee alikuwa na vielezo. Alivichora kwa miaka mingi juu ya katoni za sabuni na za sigara, akavikata kwa kisu, akavitumia kupiga alama za nakshi kwenye mbao: maua, samaki, minyororo, na michoro mingine ambayo sikuiona pengine popote, ambayo alisema ni ya mwalimu wake wa Kasongo. Alivihifadhi chini ya kitanda. Nyumba ilipovuja watu wake walivihamishia kwenye kibanda cha kuku, na mchwa wakavipata. Alipoviuliza wakamletea vipande viwili na konzi moja ya udongo. Uani mle kila kijana ana simu yenye kamera, na watoto wamepigwa picha hadi wakilala, lakini hakuna aliyewahi kuielekeza kamera kwenye katoni.

Yule kijana wa Kariakoo nilipomsimulia aliacha kazi akanisikiliza. Akasema kumbe ni rahisi: picha moja nzuri ya simu iliyopigwa kutoka juu, kwenye mwanga wa kutosha, anaisafisha kwenye kompyuta na jioni ileile anaikata kwenye plastiki ngumu isiyoliwa na mchwa, na fundi anaweza kupigia alama hata miaka hamsini. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo kuliko nauli ya pikipiki kutoka Baraka. Akauliza ni wangapi kutoka Maniema wameshaleta vielezo vya wazee wao. Nikamwambia sijasikia mmoja. Akanipa namba yake niwapelekee mafundi wa kwetu. Nimempelekea mzee, simu yake haina kamera, na vijana wa uani wanasema watampigia picha vile vipande viwili wakipata nafasi.