Theluji ya Kutazamwa na Maji ya Zamu: Usawiri wa Mlima Kilimanjaro

Katika hadithi fupi ya Ernest Hemingway, The Snows of Kilimanjaro (1936), mlima huonekana mwanzoni na mwishoni tu: katika dibaji inayotaja mzoga wa chui karibu na kilele, na pale Harry, mwandishi anayekufa kwa kidonda kilichooza, anapojiona akipelekwa huko kwa ndege. Kati ya ncha hizo mna nyika, fisi na kumbukumbu za Ulaya. Dibaji inakitaja kilele kwa jina la Kimaasai. Wachaga, wanaolima mitelemkoni, hawana nafasi. Theluji ya Hemingway ni weupe wa kutazamwa. Haimnyweshi mtu.

Kwa Wachaga mlima ni maji kwanza. Mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na koo, iliyatoa maji makorongoni hadi kwenye vihamba vya migomba na, baadaye, kahawa. Haki ya zamu ilifuata ukoo uliouchimba mfereji na kazi ya kuutunza. Marehemu walizikwa wakielekezwa Kibo. Isale lilipandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, na jani lake lilipelekwa kuombea msamaha; mmea uleule uliogawa ardhi ndio uliopatanisha waliogombana.

Ni rahisi kudai kutokana na hayo kwamba Mzungu huyatazama mazingira ilhali Mwafrika huishi nayo kwa upatanifu. Dai hilo, ambalo uhakiki-ikolojia hulirudia mno, ni dhaifu. Mfongo ulikuwa jasho, zamu, faini na ugomvi. Kumpa mmoja maji kulimaanisha kumnyima mwingine kwa saa hizo. Upatanifu, pale ulipokuwapo, ulisimamiwa.

Udhaifu huo huonekana zaidi Pasua, kata ya Manispaa ya Moshi iliyo chini ya mitelemko. Mpangaji wa chumba huko, awe Mchaga, Mpare au mgeni kutoka mbali, hana kihamba wala zamu ya mfongo. Maji yake ni bomba na ankara ya mwezi. Kibo anaiona alfajiri kabla mawingu hayajaifunika, kwa mbali, karibu kama Harry. Ila yeye anayanywa maji ya mlima huo. Uhakiki unaotaja "mtazamo wa Wachaga" kwa kutegemea kihamba pekee unamwacha nje mpangaji huyu, kama dibaji ya Hemingway ilivyomwacha nje mwenye kihamba.