Zambarau Iliyomshinda Mchoraji

Ukishuka milima ya Pare kutoka Suji kwenda Makanya, ukaacha migomba na baridi nyuma yako, unaingia nyika ya vipepeo weupe wenye ncha za mabawa za rangi. Mmojawapo wa vipepeo wa nyika hizi za kaskazini mashariki, dume lake likiwa na ncha ya zambarau, ni Colotis hetaera. Alipewa jina mwaka 1871 na Gerstaecker, mtaalamu wa wadudu wa Berlin, kutokana na wadudu wa Otto Kersten. Kersten alikuwa katika msafara wa Baron von der Decken wa 1862, uliopita Kisiwani, upande wa pili wa milima yetu, kuelekea Ziwa Jipe. Kitabu cha Gerstaecker kuhusu wadudu hao, chenye kurasa 18 za picha za rangi, kilitoka 1873.

Miaka 11 ilikuwa imepita tangu msafara ule, na mezani pa mafundi wa picha palikuwa na wadudu wakavu tu. Mchongaji wa zama hizo alikwaruza bamba la shaba, kila mshipa wa bawa ukiwa mfereji wa wino. Rangi ilipakwa kwa mkono, nakala moja moja, kwa kufuata nakala ya mfano.

Weupe wa kipepeo haukupakwa: karatasi iliachwa wazi. Bawa likasimama kwa ukingo mwembamba na kivuli cha kijivu karibu na kiwiliwili. Ukingo ukinenepa kidogo tu, kipepeo anageuka kigae. Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wale.

Zambarau ndiyo iliyowashinda. Vigamba vya bawa, vilivyopangana kama vigae vya paa, vina matuta membamba mno yanayorudisha mwanga wa buluu juu ya wekundu wa chini. Ukiliinamisha bawa, ncha inawaka, ukiligeuza, inafifia. Mwenye brashi alikuwa na buluu, nyekundu na gundi ya mgunga ya kuleta mng'aro, ila mng'aro wa gundi ni uleule, uutazame kutoka wapi. Ilibidi achague pembe moja na kuishikilia. Naona hilo lilikuwa sawa: anayetaka kumtambua kipepeo anahitaji umbo la doa na mpaka wake mweusi kuliko mwako wake.

Kwa hiyo wewe unayempiga picha kwa simu pale Makanya, mpige mara mbili: jua likiwa mgongoni kwako, halafu sogea hatua mbili kando.