Mlio wa Akiba na Fomula ya Mtambaji

Watayarishaji wa vipindi vya televisheni hushutumiwa mara nyingi kwa uvivu, kwa kuwa huchota milio ile ile katika hifadhi za sauti na kuibandika popote. Shutuma hiyo haitoshi. Mtambaji wa ngano naye hurudia fomula na tanakali zile zile, wala hatumwiti mvivu.

Tuchukue Mtito Andei, mji ulio kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, penye lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi. Jina hilo la Kikamba humaanisha msitu wa tumbusi. Mkazi wa huko anajua kwamba ndege huyu hana wimbo: hukoroma na kukwaruza koo akigombania mzoga, na angani aghalabu hunyamaza. Lakini katika filamu na televisheni, arukapo tumbusi au tai, mara nyingi husikika ukelele mkali wa mwewe mwenye mkia mwekundu, ndege wa Amerika ya Kaskazini. Filamu za Tarzan za miaka ya 1930 nazo ziliutilia 'msitu wa Afrika' kicheko cha kukabura, ndege wa Australia!

Tofauti ya mlio huu na fomula ya mtambaji imo katika hadhira. Fomula huishi kwa idhini ya wasikilizaji. Mtambaji akimpa fisi sauti ya mbuzi, watoto watamkatiza papo hapo. Mlio wa akiba hauna wa kuukatiza. Baya zaidi, mtazamaji aliyelelewa na televisheni huweza kumwona tumbusi halisi juu ya Tsavo na kudhani kwamba ukimya wake ni kasoro.